Sanduku la Mkwe

Korogwe,
Jumamosi, 20 Agosti 2005

Mdogo wangu Swaumu,

Assalaam aleikum. Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia kwa mdomo wa Maryamu, ingawa ilinifikia imechoka, kama mtu aliyeisema huku anatazama pembeni. Goti linaendeleaje? Wifi yako anauliza kama bado unalikanda kwa maji ya moto au umelisusa kama ulivyosusa mambo mengine. Huku tu wazima. Mvua ndogo zilitugusa kidogo kisha zikapanda milimani kwa Wasambaa, ambao hawakuwa na shida nazo. Nimesikia Sindeni mahindi yamenyauka lakini mihogo imesimama. Nimeshukuru kwa hilo.

Barua hii nimempa kondakta wa basi la Handeni, yule mrefu aliyesoma kwangu darasa la sita, naye ameahidi kuikabidhi mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Isome ukiwa umekaa. Mimi niliyoyasikia juzi niliyasikia nimesimama, na mpaka sasa nikiingia chumba kimoja nasahau nilifuata nini.

Najua hutaki kusikia habari za Shirika. Tangu walipokusimamisha kazi ya stoo ya dawa za mifugo pale Handeni umewakataza hata watoto kulitaja. Lakini mimi bado ndiye mkuu wa masjala hapa makao makuu, na lililotokea limetokea mbele ya macho yangu, kwa hiyo nivumilie nieleze taratibu, kama unavyojua tabia yangu. Nikiruka hatua moja hutaelewa, na usipoelewa utadhani kaka yako anakubembeleza tu.

Nianze na siku ya kikao pale Handeni. Unaikumbuka kuliko mimi, lakini nataka tuiweke mezani. Ng'ombe wa Mzee Kasaine waliogeshwa katika josho la Kang'ata kwa dawa ya kupe uliyoitoa wewe, wakatoka majini wanatetemeka, wakaanguka mmoja mmoja njiani kabla hawajafika bomani. Dk. Grasiana, mganga wetu wa mifugo, alisimama akasema kwamba yeye alikwisha kukuandikia barua pepe kutoka hapa Korogwe, akikuonya kuwa dawa ya mapipa yale mapya ni kali kuliko kipimo kilichobandikwa ubavuni, na isitoke stoo mpaka ipimwe upya. Ulisema hukuipata. Akasema ilikwenda. Ulisema haikufika. Ndipo akasema lile neno lililokumaliza: kwamba barua pepe ikipotea njia humrudia aliyeituma, na yake haikurudi. Watu wote wakageuka kukutazama. Alichosema ndicho tulichofundishwa sote.

Bado namwona Simaloi, mke wa Kasaine, alivyoingia na kengele ya ng'ombe wao aliyekuwa akiongoza kundi, akaiweka mezani pako, akatoka bila kufungua kinywa. Kasaine mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema tumewaachisha kumtegemea bwana mifugo wa serikali aliyekuwa akija kwa baiskeli, tukawaambia sasa ni zama za mashirika na barua zinaruka hewani. Lakini angetumwa mtu kwa miguu kutoka Korogwe, tena mlevi, angefika Kang'ata kabla ng'ombe hawajakanyaga maji.

Sasa nikueleze jambo la mitambo, na usikunje uso, si gumu.

Barua pepe zetu zote zilikuwa zikikaa katika kompyuta moja kubwa, ile wanayoiita seva, iliyo katika chumba kilichopakana na masjala yangu. Ifikirie kama posta. Kila mfanyakazi, awe Korogwe au Handeni, alikuwa na sanduku lake ndani ya posta ile. Mwaka huu wakubwa wakaamua tuhamie seva mpya iliyoko Dar es Salaam, kwa sababu hii yetu ilikuwa ikizimika kila umeme ukikohoa. Lakini watu hawahamishwi wote kwa siku moja. Handeni mlitangulia mwezi wa sita, sisi wa Korogwe tukabaki kwenye posta ya zamani tukingoja zamu yetu.

Hapo ndipo penye hatari. Anwani hazikubadilika. Dk. Grasiana akikuandikia kutoka Korogwe, barua yake inaingia kwanza katika seva ya zamani. Seva ile haina akili. Inajua tu kwamba Swaumu ana sanduku humu ndani, basi inaitumbukiza humo na kujiona imemaliza kazi. Hairudishi barua, kwa sababu kwa hesabu zake imefika. Nawe uko Handeni unafungua sanduku lako jipya kila asubuhi, unakuta barua za wenzako wa Handeni na za watu wa nje, unaona hakuna ya Korogwe, unadhani Korogwe tumenyamaza. Na Korogwe kunyamaza halijawahi kumshangaza mtu yeyote wa Handeni.

Kwa hiyo, kila anayehama ilibidi seva ya zamani iambiwe: huyu hayupo hapa tena, barua zake zipeleke kule. Ni kama familia inayohama mtaa na kumwachia jirani neno, kwamba akija mgeni wetu mwelekeze. Programu yetu ilikuwa ya kizamani, na agizo hilo liliandikwa ndani ya sanduku lenyewe. Fundi alilazimika kuingia katika sanduku la kila mtu kwa neno la siri la mwenyewe, kuangalia kilichomo, kukihamisha, kisha kuandika agizo na kutoka. Ndiyo maana mliandika maneno yenu ya siri, mkayatia katika bahasha mkazifunga kwa gundi, nami nikazifungia katika kasha la chuma la masjala.

Kazi ya kuhamisha iliongozwa na kijana mmoja wa Dar anayeitwa Kaleb, mwerevu, mwenye maneno mengi. Lakini programu ya zamani hakuijua. Aliyeijua ni fundi wetu wa hapa, aliyeitunza miaka yote. Unamjua. Ni mume wa binti yako Maryamu.

Juzi Alhamisi Kaleb alikuja kuizima seva ya zamani moja kwa moja, maana sote tumeshahama. Mkurugenzi akataka mimi na Dk. Grasiana tuwepo tushuhudie. Kabla ya kuzima, Kaleb akaiamuru ionyeshe masanduku yote na uzito wa kila moja. Yalitakiwa yote yawe matupu. Yakapita majina ya Handeni, tupu, tupu, tupu, Kaleb akiimbaimba kama kondakta anayehesabu siti. Halafu akagonga kioo kwa kidole. Akasema hili moja limejaa mpaka linafurika, limekuwa likipokea barua tangu mwezi wa sita. Akauliza kwa lafudhi yake ya mjini huyu bibie Swaumu ni nani, mbona anapendwa hivi.

Dk. Grasiana alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Kwa nje mtu haoni yaliyoandikwa ndani ya barua, lakini huona imetoka kwa nani, lini, na kichwa chake. Ile yake ilikuwepo, tarehe ileile aliyoitaja kikaoni, na majina ya barua zote yamekolezwa weusi, ambayo ndiyo alama kwamba hakuna aliyezifungua. Mganga yule, ambaye unajua hajali mavumbi ya zizi lakini hujali sana sketi yake, alikaa chini kwenye saruji. Alisema neno moja tu, kwamba aliapa dhidi yako mbele ya watu. Kisha akalirudia.

Nilipogeuka, mkweo Faraji aliyekuwa nyuma yetu hakuwepo tena chumbani.

Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, anachimba udongo kwa kijiti. Kwangu mimi huongea bila taabu, maana ni mjomba wa mkewe tu, si mkwe wa kuogopwa. Nikamuuliza ilikuwaje sanduku moja tu lisahaulike. Akaniambia halikusahaulika. Alisema siku ile ya kuwahamisha Handeni alikwenda vizuri, sanduku baada ya sanduku, mpaka akafika kwenye bahasha yenye mwandiko wako. Akaishika. Akasema, mjomba, nikaona kama nimesimama mlangoni pa chumba anacholala mama, nimeambiwa niingie, nivute sanduku lake la nguo chini ya kitanda, nilifungue kwa ufunguo anaoufunga kiunoni, nipekue. Mikono yake ikakataa.

Nilimwambia hizo ni barua za kazi, si nguo. Akasema alijiambia hivyo pia. Lakini angejuaje kwamba humo hamna salamu za dada zako, au habari za ugonjwa wako, au maneno uliyomwandikia mtu juu yake yeye? Unajua tangu alipomchukua Maryamu hajawahi kukaa kiti kimoja na wewe wala kula ukiwa unamwona. Ukija kwao yeye hupitia mlango wa uani. Na wewe pia, dada yangu, katika miaka yote hiyo sijasikia jina lake likitoka kinywani mwako. Ni Baba Zena, au yule bwana, au wenyewe wa kule. Ndivyo tulivyolelewa sote, nami silaumu.

Akairudisha bahasha kwenye kasha bila kuifungua. Nia yake ilikuwa jioni aje kuniomba mimi, ndugu yako wa tumbo moja, nikae kwenye mashine badala yake. Kaleb akapita mlangoni akauliza, Handeni tayari? Faraji akaona haya kumwambia mtu wa Dar kwamba amekwama kwa mkwe. Akajibu tayari. Papo hapo akaitwa Handeni kompyuta yao imekufa, akapanda basi, na aliporudi Kaleb alikuwa amefunga hesabu ya kazi na kwenda zake.

Mpaka hapo, Swaumu, nilikuwa bado naweza kumwelewa. Nilidhani ndiyo mwisho wa maneno yake. Nikamwinua mkono asimame twende ndani.

Hakusimama. Akaniambia kuna lingine. Siku ya kikao, alipokuwa ameegemea dirisha kwa nje akisikiliza, Dk. Grasiana aliposema barua haikurudi, yeye alijua barua ilipo. Alijua saa ileile. Alikuona unasimama, unavaa mtandio wako, unaichukua ile kengele mezani kwa sababu hukujua ufanye nini nayo, unatoka. Naye alisimama kando upite, akainamisha macho kama inavyompasa. Alirudi Korogwe akakaa mbele ya seva ile siku baada ya siku. Kuiweka barua mbele ya wakubwa ilikuwa ni kulifungua sanduku. Na kusema kwa nini hakulifungua mwanzo ilikuwa ni kukutaja wewe hadharani, na kucheka kwa watu kungekufuata wewe hata kabla yake. Ndivyo alivyojidanganya. Kila siku ikawa nzito kuliko iliyopita. Maryamu alikuwa akilia nyumbani kwa ajili ya mama yake, naye akimpa maji anywe.

Nimefundisha watoto miaka mingi na nimesikia visingizio vya kila aina, lakini hiki cha mtu aliyekuheshimu mpaka akakuangamiza sijapata kukisikia.

Hakuomba nimfiche. Aliinuka mwenyewe, akaingia, akasimama mbele ya Mkurugenzi na kueleza yote, pamoja na lile la kikao. Ilipofika sababu, alisema, nilimwona haya mama mkwe wangu. Kaleb akaangua kicheko. Akasema ameona seva zikiharibiwa na panya, na radi, na fundi mlevi, lakini hii ya mkwe anakwenda kuisimulia Kariakoo. Akatuuliza kama huku mitambo nayo huamkiwa shikamoo. Mkurugenzi, ambaye kwao ni Lushoto, hakucheka. Alimwambia Kaleb kwa upole kwamba yeye mwenyewe ana shahada mbili, na mpaka leo akitaka kumpa mkwewe dawa ya presha humtuma mtoto. Kisha akamgeukia Faraji na upole wote ukamwisha. Alisema mkwe wako ungeweza kumwonea haya bila kusema tayari.

Ilibaki kulifungua sanduku, maana Mkurugenzi alitaka barua ile ichapwe. Kaleb akavuta kiti. Nikamwambia hapana, huyu ni dada yangu, litafunguliwa na mtu wa kwao. Basi nikakaa mimi na miwani yangu na vidole vyangu viwili. Aliyeijua programu ni Faraji peke yake, kwa hiyo akakaa barazani nje ya dirisha, kageukia barabara, ananielekeza bila kutazama: mjomba bonyeza hapa, mjomba shuka chini, mjomba sasa itakuomba neno la siri la mama.

Nikaichana bahasha yako. Hapa ndipo nilipokuambia ukae.

Nilikuta umeandika jina lake. Faraji, herufi ndogo, bila nafasi, kwa ule mwandiko wako wa kulalia kushoto.

Niliitazama karatasi ile mpaka Kaleb akauliza kama wino umefutika. Nilielewa mara moja, kwa sababu nimekua nawe. Uliambiwa uchague neno ambalo hakuna mtu angewahi kukusikia ukilitamka. Uliona lipi jingine? Nikaliandika herufi moja moja, na mwenye jina ameketi upande wa pili wa ukuta, ananipa mgongo, akiuliza kama limekubali. Nikamjibu limekubali.

Laiti angeifungua bahasha ile mwezi wa sita. Nafikiri angekaa kitako kama Dk. Grasiana, kisha angefanya kazi yake. Lakini sikumwambia, wala sitamwambia. Ni lako. Karatasi nimeichoma jikoni kwa wifi yako.

Nilichapa barua moja tu ya mganga. Nyingine zote sikuzigusa macho. Nikaandika lile agizo, nazo zikaondoka kuja kwenye sanduku lako jipya zikiwa bado nyeusi vilevile. Zinakungoja pale Handeni.

Sasa mambo yaliyobaki. Mkurugenzi ameandika kuifuta barua ya kukusimamisha kazi, nakala iko ndani ya bahasha hii. Jumanne anakwenda Kang'ata kwa Mzee Kasaine kuomba radhi kwa niaba ya Shirika na kukubali kwamba kosa ni letu, na fidia ni juu yetu. Anataka uwepo, ili Kasaine na Simaloi wasikie kwa masikio yao wewe ukiwa umesimama mbele yao. Dk. Grasiana amesema atapita Sindeni kukuchukua yeye mwenyewe, na kabla ya hapo ana maneno yake kwako ambayo hataki kuyatuma kwa njia nyingine yoyote. Njoo na ile kengele. Nadhani sasa unajua ufanye nini nayo.

Maryamu ameambiwa na mumewe usiku uleule. Asubuhi alikuja kwangu, akakaa, akamenya viazi vya wifi yako vyote bila kuombwa, akaondoka. Nadhani anakungoja wewe.

Faraji ameandika kuacha kazi. Barua yake iko kwa Mkurugenzi, hajaijibu. Nilimuuliza Mkurugenzi anangoja nini, akaniambia kwamba aliyeumizwa kuliko wote katika wafanyakazi wa Shirika ni wewe, na hatalikata jambo hili mpaka akusikie. Ukisema aende, ataondoka, na hakuna atakayekulaumu, hata mimi. Ukisema abaki, atabaki, lakini kwa kazi nyingine, kwa karipio la maandishi, na jina lake litasomwa mbele ya wafanyakazi wote. Mimi sitakushauri. Nimekueleza yote niliyoyajua, na hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

Ila Mkurugenzi anasema hatapokea Baba Zena wala yule bwana. Kwenye kikao atakachokuita kuamua jambo hili, chochote utakachosema, itabidi mtu huyo umtaje kwa jina, usikike ukilitamka. Nikamwambia kwetu hilo ni zito. Akasema anajua ni zito, ndiyo maana anakuomba wewe na hamtumi mtoto.

Fikiri basi, mdogo wangu. Kuliandika umeshaweza.

Wasalimie wa hapo wote, na majirani waliokaa nawe siku hizi ngumu. Wifi yako amekufungia chumvi na sabuni, ziko kwa kondakta huyohuyo. Mwambie ale kabla hajageuza gari, asije akasema sikumlea vizuri. Goti ulifunike asubuhi. Mungu akulinde njiani mpaka Jumanne, tuonane tukiwa wazima.

Ni mimi kaka yako,

Mdoe